Wote Walicheka, Lakini Walimcheka Nani?



Usiku wa Jumanne, tarehe 12 Januari 1971, shirika la televisheni la CBS nchini Marekani liliweka watu wa ziada kwenye simu zake. Saa tatu na nusu kilikuwa kinaanza kipindi kipya cha vichekesho, na wakubwa wa shirika walijiandaa kwa matusi. Kabla ya sura ya mwigizaji yeyote kuonekana, yalitangulia maandishi kwenye skrini yakiwaeleza watazamaji kwamba nia ya kipindi ni kuumulika kwa kicheko udhaifu wetu na chuki zetu, ili tuone jinsi zilivyo za kipuuzi. Kisha akatokea mzee mmoja mnene wa mtaa wa Queens, New York, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kuwasema watu weusi, Wayahudi, Wapuerto Rico, Wapolandi, wanawake na vijana wenye nywele ndefu, kwa maneno ambayo Wamarekani waliyasikia kila siku nyumbani na kazini lakini hawakuwa wamewahi kuyasikia katika komedi ya televisheni.

Simu zililia, ila chache kuliko zilivyohofiwa. Wapo waliopongeza, wapo waliokasirika. Wengi zaidi hawakuwa wamefungua kituo kile kabisa, na kwa majuma kadhaa kipindi kilijikokota mbali na vile vinavyoongoza.

Kipindi hicho kinaitwa All in the Family, na mzee yule ni Archie Bunker. Nimekichagua kwa mazungumzo ya leo kwa sababu kila komedi mpya inapoanza kwenye runinga zetu, iwe Nairobi au Dar es Salaam, tunaingia katika mabishano yaleyale. Mmoja anasema amecheka mpaka machozi. Wa pili hakuona cha kuchekesha. Wa tatu anasema kabila lake limedhalilishwa, au kazi yake, au umbo lake. Halafu mtu mwenye busara ya haraka anawanyamazisha wote kwa kusema kila mtu na ladha yake. Mimi sikubaliani na huyo msuluhishi. Watazamaji wanapogawanyika juu ya kichekesho, mara nyingi hawabishani kuhusu ladha. Wanabishana kuhusu nani anachekwa, na kwa kosa gani. Na hakuna komedi iliyolionyesha hilo waziwazi kuliko hii ya mzee Bunker.

Mwenye kipindi alikuwa Norman Lear, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alisoma habari za komedi ya BBC iliyoitwa Till Death Us Do Part, ambamo mzee wa mashariki ya London, Alf Garnett, anagombana na mkwe wake kuhusu kila jambo chini ya jua. Lear alisoma akamwona baba yake. Naye alikuwa amekulia katika nyumba ya kelele, na baba aliyemwita mtoto mweupe mvivu kuliko wote aliowahi kukutana nao, na aliyekuwa akimwamuru mama anyamaze. Maneno ya baba aliyachukua karibu kama yalivyo akayatia kinywani mwa Archie. Naomba uliweke hilo akilini, msikilizaji: mtu aliyemwandika mbaguzi huyu alikuwa akimpenda. Nguvu yote ya kipindi imetoka hapo, na matatizo yake yote pia.

Shirika la ABC lilipewa kipindi cha majaribio mwaka 1968, likakataa. Likapewa cha pili mwaka 1969, na waigizaji wengine wa nafasi za vijana, likakataa tena. CBS ndiyo iliyothubutu, na hata hiyo kwa kutetemeka. Katika sehemu ya kwanza, Archie na mkewe Edith wanarudi kutoka kanisani mapema kuliko walivyotarajiwa, wakawakuta binti yao na mumewe wakielekea chumbani. Archie anashangaa kwamba ni saa tano asubuhi, tena Jumapili. Wakubwa walitaka sentensi hiyo ikatwe. Lear akasema ikikatwa, anaondoka. Haikukatwa. Carroll O'Connor, aliyemwigiza Archie, alikuwa akiishi Roma wakati huo, na alikuwa na hakika kubwa kwamba kipindi kitakufa hivi kwamba alidai apewe tiketi ya kurudi nyumbani.

Jaribu kuwafikiria watazamaji wa usiku ule. Jumanne hiyo CBS ilikuwa imetangulia kuwaonyesha The Beverly Hillbillies, kisha Green Acres, kisha Hee Haw, yaani vichekesho vya watu wa shamba, vya nguruwe na banjo, vya utani usiomgusa mtu. Nchi nzima ilikuwa ikizika vijana kutoka Vietnam, miji ilikuwa imeungua baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968, lakini katika komedi za televisheni ilikuwa nadra mtu kuzungumzia vita au rangi. Na mtu aliyekaa sebuleni kucheka na Hee Haw, bila kuinuka kitini, akaletewa Archie Bunker. Siwalaumu walioduwaa. Mtazamaji huijia komedi mpya na mazoea ya komedi ya jana, na kwa muda fulani anakuwa hajui acheke wapi.

Ndiyo maana hukumu ya juma la kwanza mimi siitegemei sana. Mwezi Mei kipindi kilipata tuzo za Emmy, ikiwemo ya komedi bora, na Jean Stapleton akapata yake kwa kumwigiza Edith. Miezi ya kiangazi CBS ikarudia sehemu zilezile, watu waliokuwa wamesikia majirani wakibishana wakaja kujionea, na Septemba kipindi kikahamishiwa Jumamosi. Kuanzia hapo kilikaa namba moja nchini Marekani kwa misimu 5 mfululizo. Cheers, iliyokuja mwaka 1982, nayo ilianzia karibu na mkia wa orodha kabla ya kupendwa. Vituo vyetu vinavyozika kipindi baada ya majuma machache huenda vinazika vitu ambavyo havijapata hata nafasi ya kuwafundisha watazamaji namna ya kuvitazama.

Lakini umaarufu haukumaliza mabishano. Uliyaongeza.

Whitney Young, kiongozi wa National Urban League na mmoja wa watu mashuhuri katika harakati za haki za watu weusi, alikipinga mapema kabisa. Aliona si uungwana wala uwajibikaji kuyapeleka matusi ya rangi hewani katika nchi ambayo tayari imechanika kwa ajili ya rangi. Alifariki Machi 1971, akiogelea baharini huko Lagos alikokwenda kwa mkutano, kwa hiyo hakuishi kuona kipindi kikipanda. Swali lake lakini lilibaki, na ni swali la mtu mzima: tusi likisemwa kwa nia ya kulikejeli, maumivu ya anayetukanwa yanapungua?

Septemba 1971 akaja Laura Z. Hobson, mwandishi wa riwaya ya Gentleman's Agreement ya mwaka 1947, iliyohusu chuki dhidi ya Wayahudi. Aliandika makala ndefu katika New York Times, na hoja yake ilikwenda kinyume cha wengi. Wakati wengine wakilalamika kwamba Archie anatukana mno, yeye alisema Archie hatukani vya kutosha. Kwamba wamemchagulia maneno ya chuki yaliyo laini, yakaachwa yale yenye sumu kamili, na kwa njia hiyo wakamfanya mbaguzi kuwa mtu wa kupendeka, baba mkali kidogo mwenye moyo mzuri ndani. Mbaguzi halisi, alisema, si mtu wa kupendeka. Lear alimjibu katika gazeti lilelile baada ya majuma machache, na jibu lake lilikuwa kwamba wabaguzi anaowajua yeye wanapendwa na watoto wao, kwamba chuki haikai kwa mashetani peke yao, inakaa kwa baba na mjomba na jirani mwema.

Nimelifikiria sana pambano hilo la Hobson na Lear, na naona wote wawili walikuwa wakisema kweli. Lear alikuwa sahihi kuhusu watu. Mimi pia ninao wazee ninaowaheshimu, walionibeba mgongoni, ambao wakianza kuzungumzia kabila fulani nainamisha kichwa kwa aibu. Kuwaandika kama mazimwi kungekuwa uongo. Hobson naye alikuwa sahihi kuhusu televisheni, kwa sababu mtu unayemkaribisha sebuleni kila juma, miaka nenda miaka rudi, unamzoea, na ukishamzoea unamsamehe hata yale ambayo hakuomba msamaha kwayo.

Mtazamaji mwingine alikuwa Richard Nixon. Mei 1971, katika ofisi yake ya urais, ambako mitambo ilikuwa ikinasa kila neno, alikaa na wasaidizi wake akilalamikia sehemu aliyoitazama, ile ambamo Archie anagundua kwamba rafiki yake wa baa, mwanamume wa miraba minne, ni shoga. Rais aliona kipindi kinautukuza ushoga na kumfanya mtu mwema wa kawaida aonekane mjinga. Tazama jinsi watu wanavyogawanyika. Hobson aliona Archie amependelewa. Nixon aliona Archie ameonewa.

Nami ninaamini jambo lililo zito kuliko yote katika habari hii lilifanywa na wanasaikolojia wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1974. Waliacha kuuliza kama kipindi ni kizuri au kibaya. Walikwenda kwa watazamaji, vijana wa sekondari huko Marekani na watu wazima katika mji wa London, jimbo la Ontario, Kanada. Walipima ni kwa kiasi gani kila mmoja ana chuki dhidi ya watu wa rangi na makabila mengine. Pia wakawauliza: unamwonaje Archie? Mkwewe Mike, yule kijana msomi anayempinga, unamwonaje? Kati yao nani anasema maneno yenye akili? Nani anayechekwa zaidi? Mwisho wa kipindi nani anakuwa ameshinda?

Wengi, wenye chuki na wasio nayo, walisema kipindi kinawafurahisha. Hapo ungedhani wamekubaliana. Lakini wale wenye chuki zaidi walielekea kumkubali Archie kuliko Mike, kuona kwamba Archie ndiye anayesema la maana, na kwamba mwishowe ndiye mshindi. Wasio na chuki waliona kinyume. Mtu mmoja alimwona mzee mjinga akiumbuliwa na kijana mwerevu. Jirani yake aliona mzee mkweli akisumbuliwa na kijana mdomo mrefu anayekula chakula cha bure nyumbani kwake. Walitazama picha ileile, saa ileile, wakacheka kwa wakati uleule.

Nilipousoma uchunguzi huo mara ya kwanza niliweka karatasi chini, kwa sababu unaivunja imani ambayo waandishi wa vichekesho tunaishi nayo. Tunaamini kwamba kicheko kinasafisha. Kwamba ukimwonyesha mbaguzi upuuzi wake, na akacheka, basi ameuona. Inawezekana kabisa hakuuona. Inawezekana amecheka kwa furaha ya kusikia hatimaye mtu fulani kwenye televisheni akisema anachokisema yeye. Zilitengenezwa beji na vibandiko vya gari vya kumtaka Archie Bunker awe rais, na katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic wa mwaka 1972, ilipohesabiwa kura ya mgombea wa umakamu wa rais, Archie Bunker alipata kura. Wengine walibandika kwa mzaha. Wengine, naamini, hawakuwa na mzaha wowote.

Je, basi Lear alikosea kukirusha kipindi? Hapana. Ninasema hivyo nikiwa nimelipima. Kabla ya Archie, chuki ilikuwa ikikaa kimya katika nyumba zile huku televisheni ikionyesha nguruwe na banjo, na kimya hicho hakikumponya mtu. Alichokosea ni kuamini kwamba mwandishi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kicheko. Na pale kipindi kilipokuwa na ufundi mkubwa zaidi, hakikumwachia mtazamaji nafasi kubwa ya kupotoka. Mfano ni sehemu ya Februari 1972, ambamo Sammy Davis Jr., mwimbaji mweusi aliyejulikana dunia nzima, anakuja nyumbani kwa Archie kuchukua mkoba aliousahau kwenye teksi aliyokuwa akiiendesha Archie. Archie anajitahidi kuwa mwenyeji mwema, na kila anachokisema kwa nia ya ukarimu kinatoka kikiwa tusi. Mwishoni wanasimama kupigwa picha ya kumbukumbu. Kamera inapolia, Sammy anageuka na kumbusu Archie shavuni. Ukumbi wa watazamaji ulilipuka kwa kicheko kirefu ajabu. Pale hakuna hoja ya kubishana nani ameshinda, maana aliyekuwa akitukanwa usiku mzima ndiye aliyeshika kichekesho mkononi. Sammy hakuwekwa pale ili achekwe wala ahurumiwe.

Edith vilevile. Watazamaji wengi walimwona mwanamke asiye na akili, anayekimbia kumletea mume bia. Lakini sikiliza maneno yake vizuri: mara nyingi anasema jambo jepesi, bila kukusudia kumjibu mtu, na hoja yote ya Archie inaanguka. Jean Stapleton aliicheza nafasi hiyo kwa upole usio na hila. Kama ungeniambia nichague mtu mmoja aliyeibeba komedi ile, ningemchagua yeye, wala si O'Connor.

Sasa nije kwetu. Uingereza ilitoa komedi nyingine mwaka 1977, Mind Your Language, ya Vince Powell, kuhusu darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza London: Singasinga, Mpakistani, Mchina, Mjapani, Mwitaliano, Mfaransa, Mgiriki. Mamilioni waliitazama. Mwaka 1979 Michael Grade, mkuu wa vipindi wa London Weekend Television, aliikatisha kwa sababu aliona inawageuza watu kuwa vikaragosi vya mataifa yao. Lakini huku Kenya kipindi hichohicho kilionyeshwa na kikapendwa kwa dhati, na wazazi wengi bado wanayakumbuka majina ya wanafunzi wale. Nimesikia kikaelezwa kama ushahidi kwamba Waafrika hatukerwi na mambo hayo. Mimi nauona ushahidi tofauti. Mkenya aliyejifunza Kiingereza kwa fimbo, akachekwa darasani kwa kutamka vibaya, alikiona kipindi kile akiwa upande wa wanafunzi. Aliwacheka kama mtu anavyowacheka wenzake wa benchi moja. Mwingereza aliyewatazama kutoka upande wa mwalimu alicheka kitu kingine, na Grade alijua hivyo.

Nasi tunayo lafudhi yetu. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, komedi za Kenya zimetumia lafudhi za makabila kama mtaji mkuu. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang alizungumza Kiswahili cha Mjaluo, na nchi nzima ikampenda. Benson Wanjau, aliyemwigiza mpaka akawa hajulikani kwa jina jingine, alikuwa Mkikuyu. Wapo wanaoiona habari hiyo kama dhihaka, Mkikuyu akimwiga Mjaluo. Alipofariki Julai 2015 waliomlilia walitoka kila upande wa nchi, Kisumu ikiwemo, na nadhani sababu ni kwamba Ojwang hakuwa lafudhi tu. Alikuwa mume mwenye kiburi, mwenye hofu ya mkewe Mama Kayai, mwenye mipango mikubwa inayoharibika. Ukimwondolea lafudhi, anabaki mtu.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa komedi yoyote mpya ya kwetu. Naziba masikio kwa lafudhi, nauliza: kilichobaki kinachekesha? Papa Shirandula, kilichoonyeshwa Citizen kwa zaidi ya miaka 10, kilipita mtihani huo katika siku zake nzuri, kwa sababu kiini chake ni bawabu anayemficha mkewe kwamba ni bawabu. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliifanya hofu ya kugunduliwa ionekane mwilini mwake mzima. Mlinzi wa lango yeyote wa Nairobi, wa kabila lolote, aliijua hofu ile. Lakini kulikuwa na majuma ambapo kichekesho kizima kilikuwa Mkikuyu kupenda fedha na Mluhya kupenda ugali, na majuma hayo mtu aliyesema hakufurahishwa hakuwa amekosa ladha. Baada ya damu ya kikabila iliyomwagika Kenya kufuatia uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, mtani wa lafudhi hawezi kudai kwamba anacheza na kitu kisicho na uzito. Sisemi lafudhi ziondoke. Ziende wapi, na ndivyo tunavyosema? Nasema mwandishi asizitegemee pale alipokosa kumjua mhusika wake.

Narudi Marekani kwa jambo moja la mwisho, kwa sababu hapo ndipo ninapowaona watazamaji wakifanya kazi ambayo wahakiki hawakuifanya. Kutoka All in the Family ilizaliwa Maude mwaka 1972, na kutoka Maude ikazaliwa Good Times mwaka 1974, komedi ya familia ya watu weusi maskini katika majengo ya serikali huko Chicago. Esther Rolle, aliyechaguliwa kuwa mama, alikataa kuanza mpaka familia hiyo ipewe baba ndani ya nyumba. Akapewa, akachezwa na John Amos. Lakini watazamaji walimpenda zaidi J.J., mtoto mkubwa wa kiume, aliyerukaruka na kupayuka, na kadiri walivyomcheka ndivyo waandishi walivyompa nafasi. Amos na Rolle wakalalamika. Familia ile ilikuwa pia na binti na mdogo wake wenye ndoto za usomi, nao wakauliza kwa nini kijana anayepewa sauti kubwa zaidi ni yule asiye na dira. Amos aliondolewa mwaka 1976, mhusika wake akafishwa kwa ajali ya gari. Rolle akaacha mwaka uliofuata, akakubali kurudi msimu wa mwisho kwa masharti, J.J. afanywe kuwa kijana wa kuigwa kidogo. Takwimu za watazamaji zilisema J.J. ni ushindi. Waliovaa nguo za familia ile kila juma walisema hapana, na mimi ninawaamini wao.

Lear alisimulia kwamba watu watatu wa chama cha Black Panther walifika ofisini kwake wakiwa na hasira kuhusu Good Times. Waliuliza kwa nini kila mtu mweusi kwenye televisheni lazima awe fukara, na kwa nini baba lazima afanye kazi mbili tatu na bado asitoboe. Hawakusema ladha zinatofautiana. Walitaja walichokiona na walichokikosa. Kwa maelezo ya Lear mwenyewe, ziara hiyo ilichangia kumtoa George Jefferson, jirani mweusi wa Archie, kumpa maduka ya dobi na nyumba ya kifahari Manhattan, na kipindi chake mwenyewe, The Jeffersons, kilichoanza Januari 1975 na kudumu mpaka 1985.

Na George, aliyechezwa na Sherman Hemsley, hakuwa mtakatifu. Ana majivuno, anamdharau mtumishi wake, na kwa jirani yake Tom Willis, mzungu aliyeoa mwanamke mweusi, ana maneno makali karibu kila juma. Wapo waliosema huyu ni Archie aliyegeuzwa rangi, na kwamba kama ya Archie ni chuki, ya George nayo ni chuki. Sioni kwamba ni sawa. Archie aliposema mtu mweusi asihamie mtaani kwake, nchi ilikuwa na benki, madalali na polisi wa kulitekeleza neno hilo. George alipomtukana Tom, hakuna aliyepoteza nyumba. Kicheko cha watazamaji kilikuwa na sauti ileile mara zote mbili, lakini Louise, mkewe George, ambaye Isabel Sanford alimcheza kwa macho zaidi ya maneno, alikuwa akimtazama mumewe kwa namna ambayo Edith hakuwahi kumtazama Archie: kama mtu anayejua hasa hasira hiyo ilitoka wapi, na ambaye bado hakubali ikae mezani pake.